Tumbaku Aliyoishika Askofu

Sidonie Napesis alikuwa na kazi ambayo hakuiomba na ambayo haifundishwi popote. Alikuwa anafungua vitu. Mji wa Hartwell, ulio ng'ambo ya mto kutoka kijiji chetu cha Ziwa la Korongo, haukuweza tena kuanza jambo lolote bila yeye. Alifungua wodi mpya ya hospitali. Alifungua uwanja wa mpira wa barafu, na mwaka uliofuata akaitwa kuufungua tena kwa sababu walikuwa wamebadilisha viti. Kiangazi kimoja alifungua mahali pa kuoshea magari, akasimama katikati ya mapovu na skafu yake ya maua kichwani, huku meya na madiwani wake wameinamisha vichwa kana kwamba Mungu mwenyewe ameleta gari lake.

Kazi hiyo ilianza pale nchi nzima ilipopatwa na homa ya kutuomba radhi sisi wenyeji wa asili. Serikali iliomba radhi, makanisa yakaomba radhi, hata benki ikaomba radhi ingawa hatukujua imetufanyia nini zaidi ya kawaida yake. Kila ofisi ikataka maridhiano, na maridhiano, kama ilivyokuja kueleweka mjini, hayaanzi mpaka bibi wa Kikrii, kabila letu, asimame mbele aombe kwa lugha yake. Mzee Zacharie angeweza kuifanya kazi hiyo, lakini yeye huomba mpaka mchuzi ugande. Sidonie aliomba kwa ufupi, na tena alijaliwa uso wa huzuni ambao haukumtoka hata siku aliyoshinda bingo. Mjini waliupenda sana uso huo.

Kila alipofungua kitu walimpa pakiti ya tumbaku na blanketi. Tumbaku aliitumia. Mablanketi yalijaa kabatini, yakajaa chini ya kitanda, yakafika mpaka barazani. Mbwa wake walilala juu ya maridhiano ya Hartwell miaka mingi, wakanenepa. Na wote kule mjini walimwita Kokum, yaani bibi, hata wale wenye mvi kumzidi. Alipata wajukuu mamia kwa mkupuo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumpasulia kuni.

Siri ya maombi yake ilijulikana na kila mtu upande wetu wa mto. Mjini hapakuwa na mtu aliyejua Kikrii hata cha kuombea chumvi. Kwa hiyo Sidonie alikuwa anaanza vizuri, anamshukuru Muumba kwa jua na maji, halafu kwa sauti ile ile ya chini na ya taratibu anaendelea. "Muumba wetu, mtazame huyu meya. Leo tena kavaa hereni za manyoya, mtu unajiuliza kama ataruka. Mjalie upepo mzuri. Na yule diwani wa kushoto ndiye aliyemnyima mpwa wangu nyumba ya kupanga. Mjalie harara, isiwe ya kuua, iwe ya kukaa nayo tu." Watu wetu waliokaa nyuma walijiuma midomo, mabega yakatikisika, machozi yakawatoka. Watu wa mjini wakiyaona mabega hayo walidhani ni uchungu wa historia, wakatupitishia karatasi laini za kufutia macho.

Aliyemwendesha kwenda na kurudi ni Marceline, mjane wa mdogo wake, mwanamke mwenye mdomo usiojua likizo na macho yasiyoona vizuri barabara. Pikapu yake ya bluu ilikuwa na mlango mmoja uliofungwa kwa kamba.

"Wifi," alimwambia siku moja wakirudi, "iko siku atatokea mtu mle ndani anajua Kikrii, utaumbuka."

"Atoke wapi? Sisi wenyewe walitufuta kwa sabuni. Wao watajifunzia kwa nani?"

"Basi usimseme askofu. Huyo angalau Mungu wake anaweza kumtafsiria."

"Mungu wake alikuwepo siku ile ya sabuni. Angetaka kutafsiri angetafsiri siku ile."

Wakacheka wote wawili mpaka Marceline akapanda ukingo wa barabara. Lakini sabuni ile haikuwa mfano. Ilikuwa mche mzima wa sabuni ya kufulia, ya njano, na mtawa mmoja wa shule ya bweni ya Mtakatifu Kasmiri alimwekea Sidonie mdomoni juma lake la kwanza pale, kwa sababu alisikia kiu akaomba maji kwa lugha pekee aliyokuwa nayo. Alikuwa na umri wa miaka sita. Sasa anaalikwa kuisema lugha hiyo hiyo kwenye kipaza sauti, na wanamtandikia zulia.

Siku hizo serikali ilikuwa inawachukua watoto wetu kwa nguvu na kuwakabidhi kwa kanisa ili wafutwe Kikrii. Walichukuliwa wawili, yeye na kaka yake Ovide, aliyekuwa na miaka tisa. Lori lilikuja wakati majani yanageuka rangi, na polisi akasimama kando yake ili mama yao, Adele, asiwe na maneno mengi. Kule shuleni wavulana walikaa upande wao na wasichana wao, ua katikati, na ndugu akimwita ndugu yake anachapwa. Mahali pekee walipokuwa chini ya dari moja ni kanisani, na hata huko kugeuza shingo ni kosa. Ovide akabuni salamu. Alikuwa anakohoa mara mbili. Sidonie akisikia ile kohokoho fupi, mbili, kutoka benchi za nyuma, alijua kaka yake yupo na anamwambia yupo, naye anakohoa mbili kumjibu. Hakuna kanuni ya shule iliyokataza kukohoa.

Majira ya baridi yalipoingia Ovide akaanza kukohoa zaidi. Mara nne, mara kumi, misa nzima. Sidonie alifurahi. Alidhani kaka yake amemkumbuka sana siku hizo, akawa anamjibu mpaka koo linamuuma. Halafu ikaja Jumapili moja nyuma kukawa kimya. Alikohoa yeye mara mbili, akangoja, akakohoa tena, akapigwa kofi na mtawa kwa kuchezea misa. Hakuna aliyemwambia kitu. Siku chache baadaye, akiwa chumba cha kufulia, aliona kwa dirisha wanaume wawili wanavuka shamba la viazi wamebeba sanduku, na sanduku halikuwa refu.

Mama yake alizijua habari hizo kiangazi, lori liliporudisha watoto. Sidonie akashuka. Adele akaendelea kulitazama lori, anamngoja wa pili, mpaka dereva alipofunga nyuma na kuondoka. Nikisikia watu wa semina wanasema habari za maumivu ya kurithi, huwa namkumbuka mama huyo amesimama kwenye vumbi la lori, nawaona wote wapuuzi.

Adele aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kabla ya kufa alitoa wosia mmoja tu. Asilazwe mtu ubavuni kwake upande wa kushoto. "Ovide atakuja," alisema, "na akija asikose pa kulala." Kwa hiyo makaburini kwetu, pale kati ya mwamba na ziwa, pana pengo la ukubwa wa mtoto. Makaburi yenyewe yalishajaa. Huwezi kuchimba kusini kwa sababu ya mwamba, wala kaskazini kwa sababu ya maji, na kila aliyefiwa alilitazama pengo lile kwa jicho la kumeza mate. Sidonie alilifyeka majani kila kiangazi, akagombana na nusu ya ukoo wake, akalilinda.

Lakini mwaka ninaousimulia mambo mawili yalimbana kwa pamoja. Halmashauri ya kijiji ilisema haiwezi kuendelea kumhifadhia nafasi mtu asiyekuja. Na daktari wa zahanati alimwambia moyo wake umechoka, apunguze ngazi na chumvi. Sidonie hakuogopa kufa. Aliogopa kitu kimoja, kwamba yeye ndiye mtu wa mwisho duniani aliyewahi kuuona uso wa Ovide. Akiondoka yeye, pengo litajazwa, na Ovide atabaki kule kwenye viazi milele, bila mtu wa kumdai.

Na si kwamba kaburi la Ovide lilikuwa linatafutwa. Lilikuwa pale pale nyuma ya msingi wa shule iliyobomolewa, na msalaba mweupe wenye jina lake. Watu wa kanisa waliipaka rangi misalaba ile kila mwaka, hasa wapiga picha walipotarajiwa. Ardhi ilikuwa mali ya dayosisi, na sheria ya mkoa haikuwa na kinyongo mradi mwenye ardhi aridhie. Ilitakiwa ndiyo ya mtu mmoja tu, Askofu Garnet Lavoie.

Askofu Lavoie alikuwa mtu mpole mwenye mikono laini na sauti ya kumbembelezea mtoto mwenye homa. Kila Sidonie alipomwomba, alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamwangalia machoni, akamwambia, "Kokum, tuko safarini pamoja." Mara ya pili akamwambia uponyaji una wakati wake. Mara ya tatu akaunda kamati. Mara ya nne kamati ikaunda kamati ndogo, na kamati ndogo ikapendekeza kwamba kwanza lijengwe jiwe la kumbukumbu katikati ya mji. Sidonie alirudi nyumbani siku hiyo akavua viatu. Marceline alimuuliza safari imefikia wapi. "Gari halijawashwa," Sidonie akasema, "lakini wote wameshafunga mikanda."

Sasa mtanisamehe, inabidi niseme habari za Kendall. Huyu ni kijana wa manispaa aliyekuwa mratibu wa maridhiano, mtu safi, mwenye medali kubwa ya shanga kifuani ambayo hakuna aliyemtunukia. Kendall aliwafundisha wakubwa wa Hartwell mila zetu katika semina ya siku moja. Aliwafundisha kwamba ukitaka kumwomba mzee jambo, unampelekea tumbaku. Wakashika hilo tu. Kuanzia hapo walikuwa wanamwekea Sidonie tumbaku mapajani jinsi mtu anavyomwachia mhudumu wa hoteli bakshishi, wanapita.

Hawakujua nusu ya pili, ambayo kwetu mtoto anaijua kabla ya kujua kuvaa viatu. Tumbaku inakuja na ombi. Anayeombwa analisikiliza lote, anapima, na kama haliwezi anaiacha mikononi mwa aliyeileta, na hakuna ugomvi. Lakini akiishika amekubali. Hapo hakuna kamati. Ndiyo sababu Sidonie alikwenda kuosha magari ya watu kwa maombi siku ambayo goti lilimvimba, na hakuwahi kukosa hata shughuli moja. Alikuwa ameishika. Ahadi ni deni kila mahali, ila kwetu hata harufu yake unaijua.

Siku ya jiwe ilikuwa ile siku ya Septemba ambayo nchi nzima huvaa fulana za rangi ya chungwa kuwakumbuka watoto wa shule zile. Asubuhi Marceline alimkuta Sidonie amekaa mezani na mkasi. Alikuwa amechagua blanketi jekundu, zuri kuliko yote, alilopewa na dayosisi, na alikuwa anakata kipande cha kona.

"Unamtia nani viraka?" Marceline akauliza.

Sidonie akaweka tumbaku katikati ya kile kitambaa, akakifunga kwa utepe. "Askofu anapenda mila zetu," alisema. "Nimeona nisimnyime."

Marceline akaelewa. Akakaa kitini. "Lakini wifi, utamwambia unaloomba kabla hajashika? Usipomwambia utakuwa umeiba."

"Nitamwambia lote, mbele ya watu. Kwa Kikrii. Si wanasema wanapenda sana nikisema Kikrii?"

Ukumbi wa mji ulijaa. Jiwe lilikuwa mbele limefunikwa shuka, na nyuma meza zimepangwa vyombo vya mchuzi wa nyama ya porini, mikate ya kukaanga na matunda ya kichakani, vyote vimepikwa na wanawake wetu. Meya Halvorsen alihutubia akalia. Alikuwa hodari wa kulia, alijua mahali pa kuanzia na mahali pa kuachia. Kisha Kendall akamkaribisha Kokum Sidonie afungue kwa sala, na wote wakainamisha vichwa bila kuambiwa, maana miaka kumi ya maridhiano imewafundisha walau hilo.

Sidonie hakwenda kwenye jukwaa. Alikichukua kipaza sauti, akatembea polepole mpaka mbele ya askofu, aliyekuwa amevaa fulana ya chungwa juu ya kola yake. Akatoa ule mfuko mwekundu akaunyoosha mbele yake. Wapiga picha wakasogea. Akaanza kusema kwa Kikrii, kwa sauti yake ile ile ya siku zote.

"Askofu, mimi ni Sidonie, binti ya Adele Napesis. Nimekuletea tumbaku mbele ya watu hawa. Ninaloliomba ni moja. Kaka yangu Ovide amelala kwenye ardhi yako. Nataka nimchukue nimpeleke kwa mama yetu kabla sijafa, na siku ya kumtoa wewe mwenyewe ushike beleshi. Ukikubali, pokea. Ukikataa, acha mikono yako ilipo. Sitakulaumu, nami sitakuomba tena."

Askofu alikuwa amefumba macho. Kila Sidonie alipovuta pumzi, yeye aliitikia kwa kichwa, kama alivyozoea. Sidonie alipomaliza, askofu akafumbua macho yaliyolowa, akaupokea ule mfuko kwa mikono yote miwili, akaukumbatia kifuani, akageukia kamera. "Nimepokea," akasema kwenye kipaza sauti. "Kwa moyo wangu wote, Kokum, nimepokea."

Nyuma ya ukumbi mabega hayakutikisika. Watu wetu walikaa wima, na mwanamke mmoja wa mjini aliyekuwa ameshaandaa karatasi zake za machozi hakujua ampe nani. Kisha Mzee Zacharie, ambaye hajawahi kusema sentensi fupi maishani mwake, akasema kutoka kitini pake, "Tumesikia." Na wengine wakasema hivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine, ukumbi wote wa nyuma.

Hapo Sidonie akageuza lugha. Akawaambia kwa Kiingereza, bila haraka, yote aliyoyasema, hakuongeza wala kupunguza. Tabasamu la askofu lilibaki usoni muda mrefu kwa sababu hakuna aliyeliambia liondoke. Halafu akaunyoosha mfuko kumrudishia. Sidonie akaingiza mikono yote miwili kwenye mifuko ya sweta yake. Askofu akamgeukia meya, na meya, ambaye hakuelewa mengi lakini siasa anaijua, akaificha mikono yake mgongoni.

"Kendall," meya akanong'ona, na kipaza sauti kikamsikia, "ni kweli? Ukishika umekubali?"

Kendall alikuwa mwekundu kuliko ule mfuko. Akasema ni kweli. Akasema sehemu ile ilikuwemo kwenye semina, ila muda ulikuwa umekwisha kwa ajili ya chakula cha mchana.

Askofu akaikusanya sauti yake ile ya kumbembelezea mtoto mwenye homa. "Kokum, jambo zito kama hili linahitaji mashauriano. Kuna bodi, kuna wanasheria..."

"Mliponiletea tumbaku nifungue mahali pa kuoshea magari," Sidonie akasema, "mimi sikushauriana na mtu."

Meya akauliza kwa upole kama labda watu waombee chakula kwanza, mazungumzo yaendelee wakati wa kula. Sidonie akajibu kwamba yeye ataombea chakula likiisha hili, lakini kama wana njaa, Mzee Zacharie yupo. Zacharie akaanza kuinuka, akivua kofia, na hata watu wa mjini, waliowahi kumsikia mara moja tu kwenye mazishi, wakamwomba aketi. Mchuzi ulikuwa unapoa. Askofu alitazama kamera, akautazama mfuko, akatazama nyuma kwenye zile nyuso zilizokwisha kusema zimesikia.

"Ndiyo," akasema.

"Ndiyo ya lini?" Marceline akauliza kutoka nyuma. "Maana na sisi tuna wazee."

"Ardhi ikiyeyuka," askofu akasema. "Majira ya kuchipua."

Sidonie akaombea chakula. Ilikuwa sala fupi kuliko zote alizowahi kuomba, na haikuwa na utani wa hereni za mtu. Jiwe la kumbukumbu lilisahaulika na shuka lake. Lilifunuliwa siku ya pili na mfagizi, aliyekuwa analitaka shuka.

Usidhani askofu hakujaribu kuchomoka. Katikati ya baridi alimtuma msaidizi wake aje kumweleza Sidonie mambo ya bima. Sidonie alimpa chai ya rangi, akamsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza swali moja, kama ile tumbaku askofu bado anayo. Msaidizi akasema iko mezani kwake, hathubutu kuitupa. "Basi," Sidonie akasema, akamwongeza chai. Na watu wetu hawakumpa askofu nafasi ya kusahau. Hakuna aliyemtukana. Walimsalimia tu, posta, benki, kwenye foleni ya mafuta, kwa heshima zote, wakamuulizia tumbaku yake hali. Marceline alimkuta dukani mbele ya nyanya akamwambia, "Askofu, naona umekonda. Mzigo wa watu ni mzito, eh? Ushushe tu."

Ardhi iliyeyuka. Askofu alikuja shamba la viazi akiwa na buti mpya, lebo ya duka bado inaning'inia kwenye moja, akashika beleshi. Watu wa kazi walikuwepo, na mpwa wake Sidonie, lakini askofu aliachiwa sehemu kubwa, na mikono yake laini ikatoka malengelenge. Sidonie alikaa kwenye kiti cha kukunja, na blanketi moja magotini, akamtazama. Beleshi lilipogonga ubao, walimaliza kwa mikono. Sanduku lilitoka dogo kuliko alivyolikumbuka yeye. Askofu akakaa chini kwenye udongo na fulana yake safi, akaficha uso, na alichosema, kama alisema, hakikuwa kwa ile sauti. Watu walimwangalia Sidonie kama atakwenda kumfariji. Hakwenda. Kumbembeleza askofu hakukuwa ombi la mtu yeyote, na hakuna aliyemletea tumbaku kwa ajili hiyo.

Tulimleta Ovide nyumbani kwa pikapu ya bluu. Sidonie alikaa nyuma na sanduku, na Marceline, kwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwake, aliendesha katikati ya njia yake. Kijiji kizima kilikuwa makaburini. Mjini nao walikuja, hatukuwaalika lakini walikuja, na mablanketi. Kendall akamsogelea Sidonie na pakiti ya tumbaku, safari hii kwa mikono miwili, na safari hii akasema ombi lake kikamilifu, afungue shughuli kwa sala. Alikuwa amejifunza. Sidonie alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaiacha tumbaku mikononi mwake.

Pengo lilikuwa limechimbwa ubavuni kwa Adele, upande wa kushoto. Walimshusha. Sidonie alipiga magoti, jambo ambalo daktari alikuwa amemkataza, akainama pale ukingoni, bibi kizee mwenye meno machache anamtazama kaka yake wa miaka tisa. Watu wote wa mjini wakainamisha vichwa kungoja kile Kikrii chao.

Sidonie akakohoa mara mbili.

Akangoja, sikio limeelekea chini. Meya Halvorsen alikuwa wa kwanza kuinua kichwa, akaona bibi amepaliwa, akaja mbiombio kati ya makaburi na chupa ya maji, anaifungua kifuniko njiani.

Marceline akamzuia kwa mkono.

"Rudi nyuma, mama," akamwambia. "Maji aliyaomba zamani. Sasa hivi anamsalimia kaka yake."